SOMO LA MOTOKAA: KITUFE CHA ECO NA MGUU WA DEREVA



Siku hizi wakulima wengi wa skimu wana gari la kupeleka maziwa kwenye mtambo wa kupozea, viazi sokoni na wagonjwa hospitali. Mengi ya magari hayo yametoka Japani, yakiwa yametumika huko kwanza. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8, kwa hiyo magari yanayofika ni ya namna mpya mpya. Ndani yake, karibu na gia au chini ya usukani, wengi wameona kitufe kidogo kilichoandikwa ECO au ECON, na pengine kina picha ya jani. Kazi yake ni kubana mafuta. Watu wanauliza: je, nikikibonyeza petroli itapungua kweli? Na kama ni kweli, mbona nisikiache hivyo siku zote?

Maswali haya yanamhusu sana mtu anayenunua petroli kwa pesa za maziwa. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei, na hakuna aliyesahau Septemba ya mwaka 2023, wakati petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza. Bei si kazi yetu kuipanga. Lakini yafaa tujue petroli inakwenda wapi baada ya kutiwa katika tangi.

Taa si kitufe

Tuanze na jambo linalochanganya wengi. Katika magari mengi ya Toyota kuna taa ndogo ya kijani mbele ya dereva iliyoandikwa ECO. Taa hiyo huwaka unapokwenda polepole na kuzimika unapokanyaga sana. Haibadilishi kitu chochote katika gari. Inakuambia tu kwamba sasa unaendesha vizuri, kama vile mwalimu anavyotia alama ya sahihi katika daftari. Kitufe ni kitu kingine: ukikibonyeza, gari lenyewe hubadili tabia. Gari lako laweza kuwa na taa bila kitufe, au vyote viwili, au lisiwe na chochote. Ukinunua gari, usikubali kuongezwa bei kwa ajili ya "ECO" mpaka muuzaji akuonyeshe kitufe kwa kidole.

Kitufe kinafanya nini

Katika magari ya zamani, kanyagio la mafuta lilifungwa kwa waya mpaka kwenye kabureta. Mguu ukishuka, mlango wa hewa unafunguka kwa kadiri ile ile. Katika gari la kisasa waya huo haupo. Kanyagio hupeleka habari kwa kompyuta ya gari, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe hewa na petroli kiasi gani.

Basi kitufe cha ECO huiambia kompyuta isimsikilize dereva upesi. Mfano wake ni mtunza ghala wa chama cha ushirika. Ukimwomba magunia mawili ya mbolea anakupa moja kwanza, akitazama kama kweli unahitaji la pili. Ghala halikubadilika, na mbolea ni ile ile. Ukisisitiza sana, utapewa yote mawili. Ndivyo ilivyo katika magari mengi: ukikanyaga mpaka chini kabisa injini hutoa nguvu zake, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Tena, gari likiwa la otomatiki, gia hupanda mapema ili injini izunguke polepole. Na katika magari mengi kitufe hicho hupunguza kazi ya mashine ya kupoza hewa ndani. Hili la mwisho laweza kumfaa mtu wa Mombasa. Kwa mtu wa Kinangop, afungue dirisha tu, baridi itaingia ya kutosha.

Kutokana na hayo utaona kwamba kitufe hakiongezi nguvu katika petroli, wala hakitengenezi injini upya. Kinautuliza mguu wa dereva, basi. Kwa hiyo dereva ambaye mguu wake ni mwepesi tangu zamani hataona tofauti kubwa. Dereva anayeondoka kila mahali kwa kishindo ataona tofauti, lakini kwa sharti moja: asiongeze kukanyaga. Wengi hubonyeza kitufe, wakaona gari limekuwa zito, halafu wanakanyaga zaidi hadi mwendo wa kwanza urudi. Hao wamejibana mkono wa kulia na kujilipa kwa mkono wa kushoto.

Akiba yenyewe ni ndogo. Mara nyingi huwa kama lita 1 katika kila lita 20. Pengine huzidi, pengine hakuna kabisa. Mtu akikuambia kwamba kitufe kitakupunguzia nusu ya petroli, mwombe daftari lake la hesabu.

Mlima haupatani bei

Chukua mkulima wa Njabini anayeteremka Naivasha kununua mbolea na chakula cha ng'ombe, halafu anarudi. Njabini iko juu ya Naivasha kwa zaidi ya mita 500. Tuseme pikapu tupu ina uzito wa kilo 1,200, na mzigo pamoja na dereva ni kilo 800, jumla kilo 2,000. Kupanda mita 500 ni sawasawa na kuuinua uzito huo wote kwa kamba kutoka chini ya shimo la mita 500. Injini ya petroli hutumia kama robo tu ya nguvu iliyomo katika petroli. Nyingine hutoka kuwa joto katika redieta na ekzosi. Ukipiga hesabu, kule kupanda peke yake kunakula lita 1 na zaidi kidogo, kabla hujahesabu urefu wa barabara yenyewe. Katika hiyo, karibu nusu lita ni ya mzigo.

Hakuna kitufe kinachoweza kupunguza deni hilo. Mlima hulipwa. Kwa hiyo unapopanda na mzigo, zima ECO. Usipozima, gari la otomatiki litataka kupanda gia mapema, litaona nguvu hazitoshi, litashuka tena, litapanda tena, na litafanya hivyo mpaka juu. Injini inataabika na petroli haipungui. Zima kitufe, weka gia ya chini, uende kwa mwendo mmoja.

Vilevile zima ECO kabla ya kulipita gari lingine. Hili nalisema kwa mkazo. Barabara zetu nyingi zina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Unapolipita lori refu la mizigo, kila sekunde uliyo upande usio wako ni sekunde ya hatari. Kama gari linachelewa kujibu kwa sababu ya kitufe, utajikuta ubavuni mwa lori na basi linakuja mbele. Akiba ya petroli hapo haina kazi. Fanya hivyo pia unapoingia barabara kuu kutoka barabara ya shamba.

Kwenye matope mambo ni mengine. Mahali palipo sawa, ECO husaidia, kwa sababu injini haishtuki na tairi hazizunguki bure. Lakini kwenye kilima cha matope rudi katika gia ya chini, ECO ikiwa imezimwa.

Kuteremka bila gia

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili. Madereva wengi, na wakulima wengi wanaowaiga, wakifika mteremko hutoa gia na kuweka nyutro. Gari linashuka lenyewe, injini inanguruma kwa sauti ndogo, na dereva anafurahi kwamba petroli haitumiki. Wengine huzidisha wakazima injini kabisa.

Desturi hii ilikuwa na sababu zamani. Wazee walioingia katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, walikuta magari ya kabureta. Injini ya kabureta hunyonya petroli kila inapozunguka, hata mguu ukiwa juu. Kwa hiyo kushuka na gia kulitumia petroli zaidi kuliko kushuka nyutro. Hatari ilikuwapo hata wakati huo, lakini akiba ilikuwapo pia.

Katika gari la kisasa akiba hiyo haipo. Petroli haipiti tena katika kabureta. Inapulizwa na nozo, na nozo zinatawaliwa na kompyuta. Unapoteremka ukiwa na gia na mguu wako uko juu ya kanyagio bila kukanyaga, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ikiona hivyo hufunga nozo. Injini inazunguka, lakini haili petroli hata tone, mpaka mwendo wake ushuke karibu na ule wa kusimama. Lakini ukiweka nyutro, magurudumu hayaizungushi injini tena. Lazima ijizungushe yenyewe isizimike, na ili ijizungushe ni lazima ile petroli.

Soma hapo mara ya pili, kwa maana ni kinyume cha mambo tuliyoambiwa tangu utoto: katika gari la kisasa, kwenye mteremko mkali, nyutro inakula petroli na gia haili.

Na hatari yake ni kubwa. Gari lenye gia linazuiliwa na injini. Gari lililo nyutro linazuiliwa na breki peke yake. Mteremko ukiwa mrefu na mzigo ukiwa mzito, breki hupata joto kali. Kwanza utasikia harufu ya kuungua. Halafu breki zinapungua kushika. Zikizidi joto, mafuta ya breki huchemka ndani ya mabomba na kutoa mvuke, na mvuke ukibanwa hunywea. Utakanyaga breki na mguu utazama mpaka sakafuni, na gari litaendelea. Aliyezima injini ana shida zaidi, kwa sababu breki na usukani wa kisasa husaidiwa na nguvu za injini. Ikizimika, vyote viwili huwa vigumu. Ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho, usukani waweza hata kujifunga.

Mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, umeua watu wengi, na malori yaliyoshuka nyutro yametajwa mara kwa mara katika habari za ajali zake. Lakini usidhani ni mambo ya malori tu. Pikapu yenye magunia 15 ya viazi ikishuka kutoka Kinangop ni lori dogo.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuanza kuteremka, wala si katikati, weka gia ya chini. Katika gari la gia za mkono, kanuni ya zamani bado ni nzuri: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Katika otomatiki, sogeza kutoka D hadi L, B, S au 2, kwa kadiri gari lako lilivyoandikwa. Ondoa mguu kwenye mafuta. Injini itapiga kelele kidogo. Hiyo si kelele ya kuharibika, ni kelele ya kushika. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, halafu achilia zipoe. Usiegemeze mguu juu ya breki njia nzima. Unapoteremka, haidhuru ECO iwe imewashwa au imezimwa. Jambo la maana ni gia.

Pima mwenyewe

Usiniamini mimi, wala usimwamini fundi, mpaka umepima. Kuna magari yanayoonyesha kilomita kwa lita katika kioo cha mbele ya usukani, lakini hesabu hiyo mara nyingi hulipendelea gari. Njia ya hakika ni ya tangi kujaa.

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe. Andika kilomita zilizo kwenye saa ya gari. Endesha kama kawaida, ECO ikiwa imezimwa, mpaka tangi likaribie robo. Rudi stesheni ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate. Tuseme mara ya kwanza saa ilisoma 84,210 na mara ya pili 84,570. Umekwenda kilomita 360. Kama imeingia petroli lita 30, gawanya 360 kwa 30: ni kilomita 12 kwa lita. Sasa washa ECO, uende kilomita 360 nyingine kwa njia zile zile na mizigo ile ile. Kama imeingia lita 28 na nusu, gawanya tena: ni kilomita 12 na zaidi ya nusu. Akiba ni lita 1 na nusu.

Rudia mara tatu kila namna kabla ya kutoa hukumu. Wiki moja ya mvua na barabara ya matope yatosha kuharibu hesabu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuzifanya hesabu hizi, na ni vizuri azifanye yeye, kwa kuwa hataipendelea gari ya baba.

Penye akiba kubwa zaidi

Ukilinganisha, utaona kuna mambo yanayoshinda kitufe. La kwanza ni upepo wa tairi. Fungua mlango wa dereva, utaona karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Inakueleza kipimo cha upepo wa mbele na cha nyuma, tupu na kwa mzigo. Watu wengi hawajawahi kuisoma. Tairi iliyolegea hubonyea chini, hupata joto, hula petroli na kuchakaa pembeni. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, walau mara moja kwa wiki mbili.

La pili ni mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 100, hewa inayolipinga gari inazidi kwa zaidi ya nusu ya ilivyokuwa. Kutoka Naivasha mpaka Nakuru ni karibu kilomita 70. Kwa mwendo wa 80 badala ya 100 utachelewa kama dakika 10 tu. Kitufe cha ECO hakikuzuii kwenda 100, wala hakina nguvu juu ya hewa. Keria ya juu ya gari ikikaa tupu mwezi mzima nayo hushika hewa hiyo hiyo. Ifungue.

Kuacha injini inguruma ukingoja zamu kwenye mtambo wa maziwa ni hasara pia. Injini ndogo hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama. Kama foleni ni ya dakika chache, zima. Kuiwasha tena hakuli petroli ya maana.

Lakini hakuna jambo linaloshinda safari isiyofanyika. Wakulima watatu wa mstari mmoja, kila mmoja akipeleka debe mbili za maziwa kwa gari lake, wanafanya kazi ya gari moja kwa petroli ya magari matatu. Tazama cheti chako cha malipo ya maziwa, utazame na risiti ya petroli, uhesabu ng'ombe mmoja anakamuliwa siku ngapi kwa ajili ya gari. Wakikubaliana zamu, kila mmoja aendeshe siku mbili kwa wiki na ya saba wapange, watakuwa wameokoa theluthi mbili ya petroli ya maziwa. Najua ugumu hauko katika hesabu. Uko katika kuaminiana nani alipima na nani alimwaga. Kila debe liwe na namba ya mwenyewe, na vipimo viandikwe mbele ya wote kabla gari halijaondoka.

Kwa wenye trekta

Wachache wenye trekta wameuliza kama nalo lina ECO. Kwa kazi nyepesi, kama kuvuta trela tupu au kunyunyiza dawa, weka gia ya juu na upunguze mafuta. Mwendo wa trekta utakuwa ule ule, na injini itazunguka polepole zaidi. Baadhi ya matrekta yana PTO ya namna mbili, 540 na 540E. Hiyo ya E huzungusha mashine kwa kasi ile ile huku injini ikienda taratibu, na inafaa kwa mashine nyepesi. Kwa kulima usifanye hivyo. Ukiona moshi mweusi unatoka, au ukiongeza mafuta na injini haiitiki, umeibebesha mzigo uliozidi: shusha gia mara moja.